Jicho Si Mizani ya Mwanga

NDUGU msomaji, Jumapili hii naomba nikuchukue hadi mahali ambapo yamkini umewahi kufika kwa furaha au kwa hofu, napo ni wodi ya watoto wachanga. Miaka kadhaa iliyopita mke wa mdogo wangu alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Mtoto alizaliwa salama, akalia kwa sauti, akanyonya, na siku ya pili akaruhusiwa kwenda nyumbani pamoja na mama yake.

Siku ya tatu mama yetu mzazi, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini kumwogesha mjukuu wake, alimbeba mtoto akamsogeza dirishani. Akamtazama kitambo kirefu, kisha akasema, "Mtoto huyu macho yake yana manjano." Sisi vijana tulitazama, wala hatukuona kitu. Mama akashauri mtoto aanikwe jua la asubuhi kama walivyokuwa wakifanya wazee. Lakini shemeji yangu alikuwa ameyashika mafundisho ya kliniki. Akasema, "Mama, nakuheshimu, lakini mwanangu anarudi hospitali leo hii." Tukarudi.

Damu ikapimwa, manjano yakaonekana kuwa mengi, mtoto akalazwa chini ya taa. Nilipokwenda kuwajulia hali jioni nilimkuta amelala uchi isipokuwa nepi, amefungwa kitambaa machoni, na juu yake zimening'inia taa ndefu za mirija zenye mwanga wa samawati. Kona nzima ya wodi iling'aa hata ikaniumiza macho. Nikamwambia mdogo wangu, kwa uhakika wa mtu aliyekwenda shule, "Ondoa shaka ndugu yangu. Taa hizi zina nguvu."

Siku mbili baadaye damu ilipimwa tena. Manjano yalikuwa yamezidi.

Nitakueleza jinsi mambo yalivyokwisha. Lakini sitakuwa nimekutendea haki nisipokueleza kwanza kwa nini nilikosea, maana kosa langu lilikuwa ni kosa la kila mtu mwenye macho. Niliutazama mwanga, nikadhani kwa kuutazama tu nimekwisha kuupima.

JICHO LINAVYODANGANYA

Hebu fanya jambo hili leo hii, ndugu msomaji. Simama nje mchana wa jua kali, kisha ingia chumbani mwako. Dakika ya kwanza utaona giza, lakini baada ya muda mfupi utaanza kuona kila kitu, na ukiulizwa utasema kwamba chumba kina mwanga wa kutosha. Lakini kwa kipimo, mwanga wa nje wakati wa adhuhuri hufika kiasi cha luksi 100,000, na mwanga wa ndani ya chumba cha kawaida aghalabu hauvuki luksi mia chache. Tofauti ni ya mamia ya mara, na jicho lako limeipitia kimya kimya kana kwamba hakuna lililotokea.

Jicho limeumbwa hivyo kwa faida yetu. Mboni hupanuka gizani na kusinyaa juani, na utando wa nyuma ya jicho nao hujirekebisha. Kwa njia hiyo twaweza kutembea juani na vilevile twaweza kutembea kwenye mbalamwezi, ambayo hata mwezi ukiwa mpevu haifikii nusu ya luksi moja. Jicho ni mtumishi mwema sana wa kutuongoza njia. Lakini ukimfanya karani wa ghala, akuhesabie kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka, atakuletea hesabu za uongo kila siku, na wala hatajua kwamba anasema uongo.

Mtu wa kwanza kulitatua jambo hili kwa utaratibu wa kisayansi alikuwa Mfaransa, Pierre Bouguer, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1729. Bouguer alitambua kwamba jicho haliwezi kusema mwanga huu ni mara ngapi ya ule. Lakini liko jambo moja ambalo jicho hulifanya kwa usahihi mkubwa: ukiliwekea nyuso mbili zilizo karibu karibu, litakwambia kama zimeangazwa sawasawa ama la. Basi akaacha kuliuliza jicho "kiasi gani?" akaliuliza tu "ni sawa?" Kwa kutumia mishumaa na kuisogeza mbali au karibu, alilinganisha mwanga wa jua na wa mshumaa, kisha wa mwezi na wa mshumaa. Akapata kwamba jua linatuangazia kiasi cha mara 300,000 kuliko mwezi mpevu. Vipimo vya leo vinaonyesha kuwa ni karibu na mara 400,000. Kwa mtu aliyekuwa na mishumaa tu, hilo si kosa kubwa.

JARIBIO LA NYUMBANI

Katika miaka ya 1790 alitokea mtu mwingine, Benjamin Thompson, ambaye wengi wanamfahamu kwa cheo chake cha Count Rumford. Yeye alitaka kujua ni taa ya namna gani inayotoa mwanga mwingi kwa gharama ndogo. Njia yake ni rahisi kiasi kwamba watoto wako wanaweza kuifanya usiku huu mezani.

Chukua kijiti au kalamu uisimamishe mbele ya ukuta mweupe. Washa mshumaa uuweke upande mmoja, na upande wa pili weka taa nyingine. Utaona vivuli viwili ukutani, kwa kuwa kila taa inatupa kivuli chake. Kivuli kinachotupwa na mshumaa kinaangazwa na taa tu, na kivuli kinachotupwa na taa kinaangazwa na mshumaa tu. Sasa isogeze taa nyuma polepole mpaka vivuli vyote viwili vilingane kwa weusi. Hapo ndipo mianga miwili inapofika ukutani kwa nguvu iliyo sawa. Pima umbali. Ikiwa mshumaa uko meta 1 kutoka ukutani na taa iko meta 4, usiseme kwamba taa ni mishumaa 4. Ni mishumaa 16.

Watoto watauliza kwa nini ni 16. Waeleze hivi. Mwanga ukitoka kwenye taa hutawanyika kila upande. Fikiri kwamba umeuchuja kwenye tundu la mraba, ukaangaza kipande kimoja cha ukuta kwa umbali wa meta 1. Ukuta ukisogezwa hadi meta 2, mwanga uleule utaenea mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, yaani vipande 4. Kwa meta 3 ni vipande 9, kwa meta 4 ni vipande 16. Ni kama mtu aliye na debe moja la chokaa: akipaka ukuta ulio mkubwa mara nne, tabaka lazima liwe jembamba mara nne. Hiyo ndiyo kanuni kuu ya ukali wa mwanga: umbali ukizidi mara mbili, ukali hushuka hadi robo, umbali ukizidi mara tatu, hushuka hadi sehemu moja ya tisa.

Usiidharau kanuni hii kwa kuwa ni nyepesi. Wanajimu waliigeuza ikawa ngazi ya kupandia mbinguni. Mwaka 1912 Bibi Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alionyesha kwamba ziko nyota zinazofifia na kung'aa kwa zamu, na kwamba urefu wa zamu hiyo huonyesha ukali halisi wa nyota. Ukiujua ukali halisi wa taa, na ukaupima ukali unaokufikia, unaweza kupata umbali kwa hesabu. Kuanzia mwaka 1923 Edwin Hubble alitumia nyota za namna hiyo kuonyesha kwamba lile wingu la nyota liitwalo Andromeda liko mbali mno, nje kabisa ya kundi letu la nyota. Ulimwengu ukapanuka mbele ya macho ya binadamu kwa sababu ya hesabu uliyoifanya wewe na wanao kwa mshumaa na kalamu.

Wahandisi nao walihitaji kipimo cha kuuzia na kununulia. Kwa muda mrefu kipimo kilikuwa mshumaa wenyewe. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1860 ilitaja mshumaa wa mafuta ya nyangumi wa uzito maalumu, unaowaka kwa kasi maalumu, ili makampuni ya gesi yasiwapunje wananchi. Mwaka 1948 mataifa yalikubaliana juu ya kipimo kimoja kilichoitwa kandela, jina ambalo maana yake katika Kilatini ni mshumaa, na mwaka 1979 kikafafanuliwa upya kwa vipimo vya nishati badala ya kutegemea chombo kinachowaka. Mwanga wa kandela moja ukianguka juu ya karatasi iliyo meta 1 mbali, karatasi hiyo imepata luksi 1.

Kwa kulinganisha, viwango vya kimataifa hutaka meza ya mwandishi ofisini ipate luksi 500. Mtoto anayesoma kwa koroboi hupata luksi chache tu kitabuni. Kwa hiyo kama nyumba yako ina taa moja na watoto watatu wenye mitihani, usiitundike taa juu darini ukawatawanya watoto pembeni. Ishushe mezani, wakae kuizunguka. Anayesogea kutoka meta 1 hadi nusu meta amejipatia mwanga mara nne bila kuongeza hata tone la mafuta. Angalia tu wasiunguze nywele, na dirisha liwe wazi ili moshi utoke.

MWANGA KIWANDANI

Wewe msomaji unayefanya kazi kiwandani huenda unauliza: je, mwanga ukizidi, kazi nayo huzidi? Swali hilo liliulizwa rasmi huko Marekani kati ya mwaka 1924 na 1927, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, kilichokuwa kikitengeneza vifaa vya simu. Wahandisi waliongeza ukali wa mwanga kwa vipimo, wakahesabu kazi. Kazi ikapanda. Lakini katika kikundi cha kulinganishia, ambacho mwanga wake haukubadilishwa, kazi nayo ikapanda! Wakaanza kuupunguza mwanga, na kazi haikuanguka kama walivyotazamia. Katika jaribio moja wafanyakazi wawili wanawake waliendelea kwa kasi yao hata mwanga ulipokuwa umebakia kiasi cha mbalamwezi. Inasimuliwa pia kwamba fundi alitoa globu na kurudishia globu zenye nguvu ileile, na wafanyakazi wakashukuru kwa kuongezewa mwanga.

Kisa hicho kikawa mashuhuri katika vyuo vya uongozi kote duniani, kikafundishwa kwamba mfanyakazi huongeza juhudi anapoona kuwa anaangaliwa na kujaliwa. Baadaye wachumi wawili, Steven Levitt na John List, walizichambua upya takwimu za awali, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo yao: ile ajabu ilikuwa ndogo kuliko ilivyosimuliwa. Mojawapo ya sababu ni kwamba mwanga ulizoea kubadilishwa Jumapili, na kazi ya Jumatatu ilikuwa nzuri kuliko ya Jumamosi hata pale ambapo taa hazikuguswa.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu kina mafunzo mawili. Kwanza, mtu akikwambia anaona mwanga umeongezeka, hujajua bado kama umeongezeka. Pili, hata ukiupima mwanga kwa usahihi, ni lazima ujue unatafuta nini kwa mwanga huo. Mafunzo hayo mawili ndiyo yanayoturudisha wodini.

YALIYOTOKEA ROCHFORD

Mtoto anapozaliwa huwa na chembe nyekundu za damu nyingi kuliko anazozihitaji. Zinapovunjika hutoa mabaki ya rangi ya manjano yaitwayo bilirubini. Kwa mtu mzima, ini huyageuza mabaki hayo yaweze kuyeyuka katika maji, yakatoka kwa njia ya nyongo na choo. Ini la mtoto mchanga halijapevuka kwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo zaidi ya nusu ya watoto huonyesha umanjano kidogo katika wiki ya kwanza, nao huondoka wenyewe. Hali hiyo haihusiani na ile homa ya manjano inayoletwa na mbu. Lakini kwa baadhi ya watoto bilirubini hupanda kupita kiasi, ikaingia katika ubongo, na huko huharibu kisichoweza kutengenezwa tena. Mtoto anaweza kufa, au akaishi na uziwi na mtindio wa ubongo maisha yake yote.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, jimbo la Essex nchini Uingereza, alikuwako muuguzi mkuu wa watoto njiti aitwaye Jean Ward. Muuguzi huyu aliamini sana hewa safi na jua, na siku za joto alikuwa akiwatoa watoto nje kwenye ua. Siku moja madaktari walipokuwa wakizunguka wodini, aliwaonyesha mtoto ambaye mwili wake ulikuwa mweupe isipokuwa kipande chenye pembe tatu kilichokuwa cha manjano. Daktari mmoja akadhani muuguzi amempaka dawa. Muuguzi akaeleza kwamba pale ndipo palipokuwa pamefunikwa na ncha ya shuka. Mwili uliobaki ulikuwa umepaushwa na jua.

Baada ya muda, chupa ya damu ya mtoto mwenye umanjano ilisahauliwa penye jua dirishani. Ilipopimwa bilirubini ilikuwa imepungua ajabu. Hapo daktari Richard Cremer na wenzake wakaunganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza kitanda chenye taa, na mwaka 1958 wakatangaza matokeo katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Hata hivyo tiba hiyo haikuenea upesi. Ilichukua miaka 10 hadi daktari Jerold Lucey na wenzake huko Vermont, Marekani, walipochapisha mwaka 1968 jaribio lililolinganisha watoto waliowekwa chini ya taa na wasiowekwa. Kabla ya hapo tegemeo kubwa lilikuwa kubadilisha damu yote ya mtoto, kazi ngumu na yenye hatari.

Utafiti uliofuata ulieleza mwanga unafanya nini. Mwanga ukipenya ngozini huigusa bilirubini na kuigeuza umbo, na kwa umbo hilo jipya inaweza kutoka kwa nyongo na mkojo bila kungojea ini. Lakini si mwanga wowote. Unaofaa ni wa samawati, wenye urefu wa wimbi kati ya nanometa 460 na 490 hivi. Wala si ile miale ya urujuanimno inayounguza ngozi. Hiyo haihitajiki kabisa.

Hapa sasa, ndugu msomaji, ndipo jicho linapodanganya mara mbili. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani yenye kuelekea manjano, karibu na nanometa 555, na huona samawati kwa udhaifu. Kwa hiyo taa nyeupe ya kawaida inaweza kung'aa sana machoni pako na isimfae mtoto, na taa ya samawati ikaonekana hafifu kumbe ndiyo dawa. Hata kile kipimo cha luksi hakitusaidii hapa, kwa kuwa kimetengenezwa kuiga jicho. Wodini hutumika kipimo kingine, kinachohesabu nishati ya samawati tu inayoanguka juu ya kila sentimeta mraba ya ngozi. Katika kipimo hicho, tiba kali ya mwanga huanzia 30. Chini ya 10 tiba huwa dhaifu, ingawa taa zinawaka na watu wote wanaridhika.

KIPIMO CHA FUNDI

Turudi basi kwa mtoto wetu. Siku ile majibu ya damu yalipokuja mabaya, daktari kijana wa zamu hakuongeza maneno. Alimwita fundi wa mitambo. Fundi akaja na kisanduku kidogo kinachoingia mfukoni, akakiweka juu ya godoro mahali pa kifua cha mtoto. Akakisoma, kisha akatuonyesha: 6.

Akaanza kukagua. Mirija miwili ilikuwa imeungua weusi kwenye ncha. Mrija mmoja haukuwa wa samawati kabisa; ulipokwisha wa awali, mtu fulani alipachika mrija mweupe wa kawaida, kama ule wa jikoni kwako. Tena fremu ya taa ilikuwa imeinuliwa juu sana ili watu wasigonge vichwa wanapomhudumia mtoto. Fundi akatueleza kwamba ile kanuni ya robo inafuatwa kwa ukamilifu na taa iliyo kama nukta. Kwa mirija mirefu mwanga hupungua polepole zaidi, lakini hupungua. Akaongeza kwamba mirija ya namna hii hubadilishwa baada ya saa 2,000 za kuwaka au miezi mitatu, hata kama bado inawaka. Inaendelea kutoa mwanga unaoonekana, lakini nguvu yake ya kuponya inakuwa imekwisha.

Mirija mipya ikaletwa kutoka stoo. Fremu ikashushwa karibu na mtoto kadiri maagizo ya kiwanda yalivyoruhusu. Muuguzi akatundika mashuka meupe kuzunguka kitanda ili mwanga uliokuwa ukipotea urudi mwilini. Fundi akaweka kisanduku chake tena. Kikasoma 34.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Kwa macho yangu, naapa, sikuona tofauti ya maana kati ya 6 na 34. Ilikuwa taa ileile, ya rangi ileile, katika kona ileile. Asubuhi iliyofuata damu ilipimwa, bilirubini ilikuwa imeanza kushuka, na baada ya siku tatu shemeji alirudi nyumbani na mwanawe. Mtoto huyo sasa anasoma shule ya msingi, na masikio yake ni mazima, ingawa mama yake analalamika kwamba hayasikii anapotumwa dukani.

Siandiki haya ili kuilaumu hospitali ile. Mtu aliyepachika mrija mweupe alitaka taa isizimike, na mtu aliyeinua fremu alitaka wauguzi wafanye kazi kwa nafasi. Kila mmoja alifanya wema. Kilichokosekana ni kupima, na kisanduku kile kilikuwako karakana siku zote.

MAMBO YA KUZINGATIA NYUMBANI

Kwanza, usilitegemee jicho peke yake katika kumtazama mtoto. Kwenye ngozi nyeusi umanjano hujificha. Mtazame mchana penye mwanga wa dirisha, si kwa taa ya usiku. Angalia weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Mama yetu aliona kile ambacho sisi hatukukiona kwa sababu alimpeleka mtoto dirishani kabla ya kumtazama.

Pili, mpeleke hospitali upesi mtoto ambaye umanjano umeonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au umefika viganjani na nyayoni, au anayesinzia mno na kukataa kunyonya, au analia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida, au anajikunja mgongo kwa nyuma. Usingoje kesho.

Tatu, kuhusu jua la asubuhi. Wazee hawakuwa wajinga, kwani muuguzi wa Rochford aliona jambo lilelile. Watafiti waliofanya kazi huko Lagos, Nigeria, walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuwatibu watoto kwa jua lililochujwa kwa turubai maalumu lenye kuzuia miale inayounguza, na matokeo hayakuwa hafifu kuliko ya taa za kawaida. Lakini hiyo ilikuwa hospitali, yenye vipimo vya mwanga, vya joto la mwili na vya damu. Jua la dirishani kwako halina kipimo. Laweza kuwa hafifu lisitibu, au kali likaunguza, na siku mbili unazongojea ndizo siku ambazo ubongo wa mtoto unaharibika.

Nne, usimvishe mtoto mchanga nguo wala kumfunika blanketi lililohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia nondo sandukuni. Watu wengi wa sehemu zetu zenye malaria huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwa mtoto wa namna hiyo harufu ya vidonge hivyo yaweza kuvunja chembe za damu kwa wingi na kuleta umanjano wa hatari. Nguo za mtoto zifue, uzianike, kisha uzihifadhi bila vidonge.

Tano, mtoto akiwa chini ya taa, mnyonyeshe mara kwa mara kama utakavyoelekezwa, na mwachie kitambaa cha machoni. Usimfunike kwa khanga kwa kumwonea huruma, maana ngozi iliyofunikwa haipati dawa. Kumbuka ile pembe tatu ya manjano. Na kwa adabu zote muulize muuguzi: "Samahani Sista, mwanga huu umepimwa lini?"

Swali hilo halimdharau mtu. Shemeji yangu amekwisha kuwafundisha akina mama wa mtaani kwake kuliuliza, na anasema wauguzi wengine hucheka, wengine hukunja uso, lakini yuko mmoja aliyesimama kidogo, akaitazama taa yake, kisha akaenda kumwita fundi.

Tukutane Jumapili ijayo.